Miche yangu ya mbuyu ina jani moja moja, nimeuziwa feki?

"Shikamoo mtaalam. Niko Dodoma, mwaka jana mwezi wa 12 nilinunua miche 30 ya mbuyu kwa jamaa anayeotesha kwenye viriba, nikaipanda shambani mvua zilipoanza. Imeshika vizuri ila majani yake ni membamba, moja moja, hayafanani kabisa na ya mbuyu mkubwa ulioko kwa babu ambao jani lake lina vidole. Miwili tu ndo imetoa vidole vitatu. Baba mkwe anasema nimeuziwa miembe, jirani anasema niweke urea nyingi, mwingine anasema nikate ncha ili ichangamke. Mwezi wa 6 yote ikapukutisha majani, nikang'oa mmoja nikakuta mzizi umenenepa kama muhogo. Je, ni feki? Ning'oe nipande upya? Na kama ni kweli mbuyu, lini nitakula mboga na lini nitauza ubuyu?"

Marahaba mdogo wangu. Weka jembe chini kwanza, using'oe tena hata mmoja.

Ukiondoa maneno ya baba mkwe na jirani, shida yako ni moja tu, kwamba jani la mche halifanani na jani la mti mkubwa, ukaona basi mti ni mwingine. Kwa miti mingi hesabu hiyo ingekupa jibu sahihi, ila kwa mbuyu inakupoteza kabisa, maana mbuyu ni katika ile miti ambayo jani la utotoni na jani la utu uzima ni vitu viwili tofauti, tena tofauti ya kuonekana kwa macho sio ya kutafuta kwa darubini. Mbegu ikiota yanatangulia majani mawili mapana manene, yale ya mbegu yenyewe, alafu juu yake yanafuata majani ya kawaida ambayo ni moja moja, marefu kiasi, membamba, hayana mgawanyiko wowote. Mche unaendelea hivohivo kwa muda, baadae unaanza kutoa jani lenye vipande viwili au vitatu, ndo hiyo miwili yako imefika hapo, mbele ya safari vinakuwa vitano, saba, mara mojamoja mpaka tisa, kama kwa babu.

Sasa rudi kwenye maelezo yako mwenyewe, jibu umeshalileta bila kujua. Mwembe haupukutishi majani yote mwezi wa 6 ukabaki fimbo, mwembe ni wa kijani mwaka mzima. Mzizi wa mwembe mchanga haunenepi vile, ila wa mbuyu ndo kawaida yake, pale ndo unapoweka maji na chakula cha kupitia kiangazi. Na hiyo miwili yenye vidole vitatu imetoka kwenye kundi lilelile, kwa hiyo mimi kwa maelezo haya nasema una mbuyu, na jamaa wa viriba hana kosa.

Ila usiniamini tu kwa maneno, subiri ichipue uhakikishe mwenyewe. Chuma jani moja changa lisugue kwenye vidole na tone la maji, la mbuyu linateleza, lina ule ute unaofanya mboga yake ivutike. La mwembe utasikia harufu ya utomvu hapohapo, na likiwa changa huwa jekundu jekundu. Ukivunja kikonyo ukaona maziwa meupe yanatoka hapo kweli una mti mwingine. Angalia pia shina chini karibu na udongo, la mbuyu hata likiwa dogo linaanza kuwa nene kuliko unavyotegemea kwa urefu wake. Na kama umebaki na mbegu yoyote, ya mbuyu ina umbo la figo, kahawia iliyokolea kuelekea nyeusi, ganda gumu kama kokoto. (Wale wanaoniuliza kama unaweza kuotesha zile za ubuyu wa rangi wa dukani, hizo zimeshapikwa na sukari, kula tu ufurahi.)

Wala hauko peke yako kuchanganywa na jambo hili. Kusini mwa Afrika kuna watu walikuwa wanasema mbuyu hauna mtoto, kwamba miti hii iliangushwa kutoka juu ikiwa mikubwa tayari, na ukifikiria unawaelewa, mche mwembamba wenye jani la kawaida utaujuaje kwamba ni mtoto wa lile dubwana? Huku kwetu hatusemi hivo ila tunafanya vibaya zaidi, tunaufyeka wakati wa palizi tukidhani ni kichaka, au mbuzi anaumaliza, alafu tunashangaa mibuyu yote tunayoiona ni mizee.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba jani haligeuki. Lile jani jembamba lililotoka mwezi wa 1 litabaki jembamba mpaka lidondoke, halitakuja kuota vidole. Umbo la jani linaamuliwa pale kwenye ncha ya chipukizi wakati jani lenyewe bado ni kinundu kidogo ambacho kwa macho hukioni, kwa hiyo kinachobadilika sio jani, ni ncha inayotengeneza majani. Ukitaka kujua mche wako umefika wapi usiangalie majani ya chini, angalia lililotoka mwisho kabisa kule juu.

Na ncha inajuaje kwamba sasa imekua? Hapa wanasayansi wamefika mbali. Ndani ya chembe za mmea kuna kipande kidogo sana cha RNA (kemikali inayobeba na kuratibu maagizo ya jeni) kinachoitwa miR156. Mmea ukiwa mchanga kinakuwa kingi, na kazi yake ni kuzizuia jeni fulani zinazoamrisha mambo ya utu uzima, kadiri mmea unavyokua kinapungua, zile jeni zinafunguka, na majani yanayofuata yanatoka na sura mpya. Mwaka 2011 ilitoka kazi iliyopima jambo hili kwenye miti kadhaa ikiwemo akasia ya Australia na mkaratusi, wakakuta mwendo ni uleule, kiko juu utotoni na kinashuka ukubwani. Baadae, kwenye mmea mdogo wa maabara unaoitwa Arabidopsis, ikaonekana kwamba sukari inayotengenezwa na majani ni moja ya ishara zinazokishusha. Majani yakifanya kazi vizuri yakaleta sukari ya kutosha, ncha inapata habari kwamba nyumba ina akiba. Hizo kazi hazikuwa za mbuyu, kwa hiyo chukua kama ramani ya jumla, ila inaeleza vizuri kwa nini mche ulioliwa na mbuzi au uliokaa kivulini muda mrefu unachelewa kubadilika kuliko mwenzake waliopandwa siku moja. Ndo maana una miwili mbele na 27 nyuma, pamoja na kwamba kila mbegu ya mbuyu ina damu yake, hazifanani hata zikitoka kwenye tunda moja.

Utauliza sasa mti unapata faida gani kujisumbua hivi. Jibu la haraka ambalo utalisikia ni "ukame", mimi naona ni nusu tu ya jibu.

Mche mdogo una bajeti ndogo. Jani moja lisilogawanyika ni rahisi kulitengeneza, halihitaji kikonyo kirefu imara wala mishipa mingi ya kugawa maji kwenye vidole saba, na mche unaotoka kipindi cha mvua, chini, mara nyingi umezungukwa na majani na magugu, unachotaka pale ni kukamata mwanga haraka na kupeleka faida yote chini kwenye mzizi kabla mvua haijakata. Dodoma mvua ni msimu mmoja, milimita 550 mpaka 600 hivi kwa mwaka, kuanzia mwisho wa mwezi wa 11 mpaka wa 4, kwa hiyo mche una miezi michache ya kujaza ghala, ukichelewa umekufa. Ule mzizi uliouona kama muhogo ndo matokeo ya kazi ya majani yale uliyoyadharau.

Mti ukipanda juu mambo yanabadilika, jua linapiga moja kwa moja, upepo unakausha, na maji yanavutwa kutoka mbali. Jani kubwa pana lisilogawanyika juani linabeba tabaka la hewa iliyotulia juu yake na hiyo hewa inazuia joto lisitoke. Ugali ukiuacha donge zima kwenye sinia unachelewa kupoa, ukiumega matonge madogo madogo unapoa mara moja, na jani lililogawanyika vidole ndo hivohivo, kila kidole kinapitiwa na upepo kivyake, joto linaondoka bila kulazimika kumwaga maji mengi kupitia stomata, yaani vile vitundu vidogo sana vya jani vya kupitisha hewa na mvuke. Kwa hiyo mti mkubwa unaweza kuwa na jani kubwa kwa jumla, la kukamata mwanga mwingi, bila kuungua. Na kiangazi kikiingia unalitupa lote, kikonyo na vidole vyake, hakuna hasara kubwa ya mbao.

Ndani ya jani nako kuna mabadiliko, japo hayaonekani. Kwa miti ya nyika kwa ujumla, jani la mche huwa jembamba kwa unene, laini, la mti mkubwa juani linakuwa nene zaidi, nta ya juu imeongezeka, zile chembe za kutengeneza chakula zimepangwa kwa wingi, na mishipa imesongamana ili maji yafike kila kona kabla halijanyauka.

Anayefanya haya kwa fujo kuliko wote ni mkaratusi ule wa bluu, Eucalyptus globulus, ule uliojaza vilima vya Addis Ababa tangu miaka ya 1890 enzi za Menelik. Mchanga wake una majani ya mviringo, yamekaa mawili mawili yakitazamana, hayana kikonyo, yana unga mweupe wa nta, na stomata nyingi ziko upande wa chini. Mkubwa wake una majani marefu yaliyopinda kama mundu, yananing'inia wima ili jua la saa sita lisiyapige usoni, na yana stomata pande zote mbili. Ukiweka mezani utaapa ni miti miwili. Na zile akasia za Australia, mfano Acacia auriculiformis ambayo imepandwa sana huku, mche unaanza na jani la vijani vidogo vidogo kama la mgunga, alafu vile vijani vinapotea kabisa, kinachobaki ni kikonyo kilichotanuka kikawa bapa, na hicho ndo "jani" unaloliona kwenye mti mkubwa. Hata miti yako ya hapo Dodoma inafanya kidogo kidogo, mwarobaini ukiota majani yake mawili ya kwanza yana vipande vitatu vitatu tu vilivyochanikachanika, mgunga mwingi nao jani la kwanza kabisa linakuwa na safu moja ya vijani kabla haujaanza kutoa yale yaliyogawanyika mara mbili.

Sasa ushauri uliopewa.

Kukata ncha, hapana. Hapa unarudi nyuma. Ile ncha ndo sehemu iliyoendelea zaidi kwenye mche wote, sehemu za chini za shina zinabaki na utoto wao hata mti ukizeeka, ndo maana ukikata mkaratusi mkubwa kisiki kinachipua majani yaleyale ya mviringo ya utotoni. Ukikata ncha ya mbuyu wako mchanga, machipukizi yatatoka chini na wewe utaanza kuhesabu upya.

Urea, hapana pia, angalau sio "nyingi". Nitrojeni inasukuma majani laini mengi ambayo yanataka maji, na maji ndo huna, na ukiiweka karibu na shina kwenye udongo mkavu unaunguza mizizi. Kama unataka kusaidia weka samadi iliyooza vizuri mvua zikianza, mwezi wa 12, futi moja hivi kutoka kwenye shina, palilia, weka matandazo, na zungushia miiba. Uzio wa miiba dhidi ya mbuzi utakupa vidole haraka kuliko mfuko wowote wa mbolea, maana kila jani linaloliwa ni sukari imepotea na ncha inabaki inadhani bado mche ni mtoto.

Kupukutisha mwezi wa 6 ni usingizi, sio kifo. Kwaruza ganda la shina kidogo kwa ukucha, ukikuta kijani chini yake mche uko hai, tena hicho kijani chenyewe kinaendelea kufanya kazi kidogo wakati majani hayapo. Kosa kubwa watu wanalofanya kipindi hiki ni huruma, wanaona mti mkavu wanaumwagia maji kila siku, na mzizi ule mnene usio na majani ya kunywa maji unaoza. Acha kavu. Hata ncha ikikauka kwa upana wa vidole kadhaa vya mkono usiogope, mbuyu mchanga unaweza kufa juu ukachipua tena kutoka chini.

Na nikuandae mapema usije ukanipigia kelele mwezi wa 12. Ikichipua msimu mpya, majani ya mwanzo yanaweza kutoka moja moja tena, hata ile miwili iliyofika vidole vitatu. Hata mbuyu wa babu, ukiuangalia wiki za mwanzo unapoanza kuchipua, utakuta majani ya kwanza mengine yana kipande kimoja au vitatu, yale kamili yanafuata. Kwa hiyo usihukumu mche kwa jani la kwanza la msimu, hukumu kwa majani ya katikati ya mvua, mwezi wa 2 hivi. Wengine hubadilika msimu wa pili, wengine wa tatu, inategemea udongo, jua na nani anawatafuna.

Mboga sasa, hapa nina habari nzuri, huhitaji kusubiri vidole. Majani machanga yasiyogawanyika yanalika vizuri tu, Mali na Burkina Faso watu wanasia mbegu za mbuyu karibu karibu kwenye tuta kama mchicha wanavuna majani tu, hawana mpango na mti. Ila usichume kwenye hii 29 uliyoipanda iwe miti, maana unaipunguzia mtaji. Tenga tuta dogo karibu na nyumba. Mbegu zimwagie maji yaliyochemka, ziache humo zipoe mpaka kesho yake, ndo usie. Bila hivo lile ganda litakuchelewesha sana, mbegu inaweza kukaa ardhini msimu mzima kimya.

Ubuyu ndo pagumu, sitakudanganya. Mbuyu wa mbegu unachukua miaka mingi kuzaa, mara nyingi zaidi ya 10, na ukishaona vidole saba usidhani maua yako mlangoni, kubadilika majani ni hatua moja na kuzaa ni hatua nyingine ya mbali sana. Njia ya mkato ni kubebesha. Unachukua kikonyo (hapa ni kipande cha tawi chenye macho, sio kile kikonyo cha jani) kutoka kwenye mti mkubwa unaozaa vizuri, wenye ubuyu unaoupenda, unabebesha kwenye mche wako ukishakuwa na unene wa kutosha. Kile kikonyo kimetoka kwenye tawi lililokomaa na kinaendelea na ukomavu wake, hakirudi utotoni, kwa hiyo utaona majani ya vidole mapema na kuzaa kunaweza kuja ndani ya miaka 3 mpaka 5 kwa uzoefu wa Afrika Magharibi. Hasara zake zipo, inataka mtu mwenye mkono, baadhi itakufa, na mti wa kubebesha unatanuka chini mapema, haupandi juu kama mibuyu tuliyoizoea. Mimi ningekuwa wewe ningebebesha kama 8, zile zenye afya kuliko zote, nyingine ningeziacha ziende mwendo wake kwa ajili ya wajukuu. Kumbuka pia nafasi, mita 10 kutoka mti hadi mti sio nyingi, na usipande karibu na nyumba wala karo.

Ukiona shina limelainika ukibonyeza, au limekuwa jeusi chini na linanuka, au chini ya ganda ni kahawia tupu mche mzima, huo haunisubiri mimi, mwite afisa misitu au afisa kilimo wa kata aje aone hapohapo shambani, kuoza kwa mzizi hakutambuliki kwa picha ya simu. Na kama msimu wa tatu mvua zikiwa katikati hakuna mche hata mmoja uliotoa vidole, au majani yana kingo za meno meno kama msumeno kwenye kundi zima, hapo nitakubali kwamba mashaka yako yana msingi. Chukua tawi dogo lenye majani ya chini na ya juu, lilaze ndani ya gazeti chini ya vitabu vizito mpaka likauke, lipeleke ofisi ya wilaya ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) au TAFORI (Taasisi ya Utafiti wa Misitu). Andika kwenye karatasi tarehe uliyochuma, mahali, urefu wa mche, na umri wake toka upandwe. Huo umri usiusahau, maana bila kujua mche una miaka mingapi hata mtaalamu wa mimea mzuri anaweza kuangalia jani la utotoni akakuandikia jina la mti mwingine.